Siku ya Pasaka Nilirukwa Mezani

Kijiji cha Gatondo,
Upande wa Embu.
25 Aprili 1955

Mpendwa kaka yangu Njura,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Aikande, na watoto wenu ambao mimi nawajua kwa majina tu. Mko wazima? Kile kifua cha wifi kimetulia? Sisi huku tuna pumzi, na siku hizi mtu akisema ana pumzi amesema mengi. Watoto wangu wamekonda lakini wanacheza. Baba yuko hai. Habari zake nitakueleza, ila usirukie chini ya karatasi. Soma kwa mpango.

Nimeandika kwa Kiswahili, sio Kiembu, ili wifi asome mwenyewe, asingoje umchagulie maneno. Barua hii haipiti posta, maana posta wanafungua. Anaichukua Rage, dereva wa lori la Hirsi, yule mwenye duka Meru mjini, naye atampa mwenzake anayeshuka Arusha hadi kwenu Moshi. Ukimaliza kusoma, ichome.

Barua yako ya Kwaresima ilifika. Umeeleza vizuri jinsi mnavyokwenda makaburini huko Moshi alfajiri ya Pasaka na tarumbeta zenu, wasichana wamevaa nguo nyeupe, watu wanasalimiana kwa furaha. Nilimsomea Baba mara mbili. Halafu mwisho ukaniandikia: vumilia, dada, watii wenye mamlaka. Kaka, niliiweka hiyo barua nikaenda mtoni, kwa sababu ningebaki nyumbani ningeipasua. Nakupenda, ndiyo maana nakwambia waziwazi: neno hilo usiniandikie tena kabla hujajua unaniambia nivumilie nini.

Nyumba ya Baba ulimozaliwa haipo. Mwaka jana, mwezi wa nane, tuliambiwa tutoke na vitu tunavyoweza kubeba, na homgadi, hawa wenzetu waliopewa bunduki na serikali, wakatia moto paa tukiwa bado tunatoa vyungu. Sasa sisi sote tumerundikwa hapa Gatondo. Nyumba ziko kwa mistari, karibu karibu, hata jirani akikohoa wewe ndiye unaamka. Kuzunguka kijiji kuna handaki, na ndani yake mianzi imechongwa ncha kama mikuki. Handaki hilo ni sisi wanawake tuliolichimba, na bado tunalichimba, maana mvua inabomoa kingo kila wiki. Shambani tunaruhusiwa kidogo tu mchana, halafu filimbi, halafu kafyu, hakuna kutoka nje. Njahi zangu (wifi, ni maharagwe meusi) zimeoza zikiwa shambani.

Lile kanisa ambalo Baba alijenga aliporudi kutoka kazi ya useremala huko kwenu, akatuletea Ulutheri wake mpaka majirani wakatuita watu wa Moshi, nalo limevunjwa. Mabati yake sasa yamefunika kituo cha homgadi. Sisi tunasali kwenye banda la udongo lililoezekwa nyasi. Mvua ikinyesha wakati wa mahubiri, mimi nasikia inavyolia kwenye mabati yetu kule kituoni, na homgadi wamekaa chini yake hawaloi.

Habari za Mutegi, mume wangu, sikuwahi kukuandikia kwa sababu ya hao wanaofungua barua. Walimchukua kwenye msako wa kutafuta wanaosaidia wapiganaji wa msituni. Wanaume wote walipangwa uwanjani, wakapita mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Wengine akiwaona alikaa kimya. Alipopita Mutegi, gunia likatikisika. Basi. Hakuna shitaka, hakuna hakimu. Mwalimu wa kwaya, mtu ambaye akichinja kuku anageuza uso, yuko kambini mpaka leo, na kambi gani hatuambiwi.

Sasa nakuja kwa Misheck. Wewe unamkumbuka kama kijana mliyepata kipaimara pamoja, mpole, mwenye sauti nzuri. Sasa ndiye mwinjilisti wetu. Jumapili ya Mitende, baada ya mahubiri, alisimama na karatasi mkononi akasema wazee wa kanisa wameamua jambo. Wanawake wote ambao waume zao wako kizuizini, kabla ya kupewa Chakula cha Bwana siku ya Pasaka, watasimama mbele ya watu na kuwakana waume zao. Atakayekataa hatapewa.

Nilidhani sikusikia vizuri. Niliangalia wazee. Wote walikuwa wanaangalia viatu vyao, na wawili hawana viatu.

Kesho yake nilimfuata Misheck mchana, akiwa anarekebisha mlango wa hilo banda. Nikamwuliza kama amri hiyo imetoka kwenye Biblia au kwa Mwongera, hedimani wetu, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali. Hakunificha.

"Ni Mwongera," akasema. "Amesema kanisa lijitenge na hao watu au atalifunga. Wamuyu, wakilifunga hili, tutasali wapi?"

"Na tukishawakana waume zetu, tutakuwa tunasali kwa nani?"

"Ni maneno tu. Unayasema, Mungu anajua moyo wako, unakula, unakwenda nyumbani."

"Kama ni maneno tu, anza wewe. Simama Jumapili umkane mke wako, watoto wako wakisikia."

Akaweka nyundo chini. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi naogopa, Wamuyu." Nikamwambia sote tunaogopa, lakini mimi sijamtuma mtu mwingine akanilipie woga wangu. Nikaondoka, nikamwacha na mlango wake.

Ijumaa Kuu hatukuwa na ibada. Mwongera alikataa, akasema handaki halijui sikukuu. Kwa hiyo siku aliyosulubiwa Bwana wetu mimi nilikuwa ndani ya tope hadi magotini, nikipitisha karai za udongo. Kando yangu alikuwa Ciarunji, jirani yangu, ana mtoto mchanga mgongoni na maziwa yamemkauka. Mume wake alichukuliwa siku moja na Mutegi. Aliniambia bila kuniangalia kwamba yeye atasimama Jumapili, atasema. Mwongera amemwahidi maziwa ya unga ya mtoto. Unafikiri nilimkasirikia? Sikumkasirikia hata kidogo. Niliushika ule mguu mdogo wa mtoto, ulivyokuwa mwembamba, hasira yangu ikapanda kwenda mahali pengine kabisa.

Pasaka ikafika. Mchungaji Kinoti, ambaye hutujia mara chache kwa mwaka, alikuja na ruhusa ya Bwana D.O., Mzungu mkubwa wa tarafa, pamoja na homgadi wawili, nao wakasimama mlangoni na bunduki wakati tunaimba kwamba kaburi li wazi. Hakukuwa na ile mikate myembamba ya kanisa, barabara zimefungwa, kwa hiyo Misheck alinunua mkate wa kawaida dukani. Mwongera mwenyewe alikaa mbele, yeye ambaye hajabatizwa, na kofia yake kichwani.

Misheck akatuita. Ciarunji akasimama kwanza. Akasema, "Mimi namkana mume wangu." Alipofika hapo, mtoto akalia, na yeye akaendelea kusema neno lile lile, namkana, namkana, kama mtu aliyepotea njia, mpaka dada mmoja akamvuta akaketi. Wengine wakasema, kila mmoja kwa haraka. Watu waliinamisha vichwa, kaka. Kwa aibu.

Nikasimama mimi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mimi ni Wamuyu, mke wa Mutegi. Mchungaji Kinoti ndiye alitufunga ndoa, na aliniuliza kama nitamshika mume wangu kwa raha na kwa shida. Nilijibu ndiyo. Sina jibu lingine."

Nikaketi. Misheck akasema kwamba mimi sitashiriki.

Wakati ulipofika nilikwenda hivyo hivyo. Nikapiga magoti mbele pamoja na wengine, Baba upande wangu wa kulia. Nilitaka Mchungaji anikatae huku akinitazama machoni. Alikuja na sahani akimpa kila mtu mkononi, akampa mama mmoja, akafika kwangu, mkono wangu umenyooshwa. Akaniruka. Hakunitazama. Niliona kanzu yake ikipita tu, ukingo wake una tope jekundu kama nguo zetu. Akampa Baba.

Baba aliuangalia ule mkate mkononi. Unaijua mikono yake. Akaukata katikati, akanipa nusu.

Misheck akasema, "Mzee Nthiga!"

Baba hakupandisha sauti. Akasema, "Huyu ni binti yangu. Nimemgawia chakula tangu alipoota meno. Leo nitaacha kwa nini?"

Nikala. Sijawahi kula kitu kwa hasira namna ile, machozi na makamasi yananitoka, sikujali nani ananiona. Mtu mmoja nyuma akaanza wimbo, na wengine wakamfuata, na Mwongera akasimama akatoka nje.

Jumatatu ya Pasaka wakaja kumchukua Baba. Unajua walimshitaki nini? Kutoa kiapo cha wapiganaji wa msituni. Mwongera aliandika kwamba mzee amekata chakula mbele ya watu na kumlisha mke wa mtu wa kizuizini, na hicho ni kiapo cha siri. Meza ya Bwana, kaka! Walimweka kituoni, chini ya mabati aliyoyapigilia misumari yeye mwenyewe, wakamwuliza maneno ya kiapo ni yapi. Aliwaambia ni "Twaeni, mle." Wakampiga na kitako cha bunduki. Mkono wa kulia umevunjika karibu na kiwiko.

Nilimtumia Mchungaji Kinoti salamu aje aseme neno. Alikuwa bado hajaondoka Embu mjini. Hakuja. Alijibu kwamba atatuombea.

Aliyekwenda kituoni, na lazima nikwambie kweli ingawa inaniuma, ni Misheck. Alisimama mbele ya Mwongera na yule Mzungu mdogo wa kituo, akasema mkate ule aliununua yeye, ni mkate wa kanisa, na kama ni kiapo basi wamfunge yeye kwanza na Mchungaji wa pili. Mzungu akacheka, akasema mtoeni huyo mzee. Wakamtoa. Misheck walimpiga makofi mawili na kumkataza kuhubiri mpaka watakapoamua.

Watu wanasema nimshukuru. Mimi nasema alijua kusema kweli, basi angeisema Jumapili ya Mitende, kabla Ciarunji hajajifedhehesha na kabla mfupa wa Baba haujavunjika. Maziwa yale Ciarunji alipewa mara moja tu, kopo moja, halafu Mwongera akasema yamekwisha. Mtoto bado yupo. Mimi na wanawake wengine tunanyonyesha kwa zamu, anayeweza.

Wazee wa kanisa nao wamekutana wakanitenga mpaka nitubu. Nitubu nini hawakuandika. Siendi tena kwenye banda lao. Jumapili tukiteremka mtoni kuchota maji tunaimba, Ciarunji na mimi na wengine, na homgadi anayetulinda hatukatazi. Juma lililopita nilimsikia akiimba sauti ya nne.

Mkono wa Baba tuliufunga na vijiti. Kupiga randa tena hataweza, amesema mwenyewe. Anakula vizuri kidogo na anauliza habari zako kila siku.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na si nguo. Wewe unafundisha shule ya kanisa, wachungaji wa huko unakaa nao. Waulize, mkutano ukiwa umejaa, si pembeni: mwanamke anatengwa kwa kukataa kumkana mume wake? Kanisa linakubali mikono ya homgadi iamue nani ale? Wakikujibu, niletee jibu kwa njia hii ya Rage, zuri au baya. Wakikwambia unyamaze, niandikie hilo pia, nijue nina kaka wa namna gani na kanisa la namna gani.

Alhamisi alasiri Misheck alikuja kwetu. Mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa mlangoni, nikabaki hapo hapo, nimeshika miimo yote miwili. Akasema amekuja kumwomba Baba msamaha. Maji yalimtiririka usoni, naye hakuyafuta.

Baba akaita kutoka kitandani, "Wamuyu, mpishe."

Nikampisha. Ni nyumba ya Baba, na mkono uliovunjika ni wake, sio wangu. Lakini kukaa nao chini ya paa moja sikuweza. Nikatoka, nikasimama nje kando ya ukuta kwenye ile mvua mpaka nguo zikanigandia mwilini. Nilisikia sauti zao, ya mmoja halafu ya mwingine, halafu Misheck akilia. Alipotoka alisema, "Ingia ndani, utaugua." Nikangoja mpaka amefika mbali ndipo nikaingia. Usiniandikie kwamba nilikosea. Baba hakuniambia hivyo. Alinipa kitambaa nijifute kichwa.

Nisalimie wifi Aikande, umwambie ningependa siku moja tukae jikoni kwake tuongee hadi tuchoke. Wabusu watoto. Wasalimie wazee wa hapo wanaomkumbuka Nthiga fundi seremala. Baba anawabariki wote kwa mkono wa kushoto. Mungu awafunike nyinyi huko, na sisi hapa asitusahau; mimi namkumbusha kila asubuhi, na simkumbushi kwa upole.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Wamuyu wa Nthiga, mke wa Mutegi