Kuni za Msiba Usiokuwapo

Kibondo,
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia tena kwa sababu mara ile ya mwisho ulikata simu kabla hujaniitikia marahaba. Goti linaendeleaje? Bado linakusumbua ukiinuka kwenye mkeka? Na cherehani yako imepata mkanda mpya, au bado unaiendesha kwa ule uliokatwa kwenye mpira wa baiskeli? Sisi huku tu wazima. Somo yako Zuena ametimiza miezi kumi na meno manne, na yote manne ameshayajaribu kwenye bega langu.

Barua hii anakuletea Mzee Athumani, mwenye duka la vitenge hapa sokoni, mtu wa Tanga kama sisi, anakuja huko kuona ndugu zake. Nimeandika kwa sababu kwenye simu tunagombana. Ukisema moja nasema mawili, salio linaisha, kila mtu anabaki na hasira yake. Kama miwani haijatengenezwa, dada Mwanaidi akusomee, ila umwambie asiruke mahali asipopapenda. Namjua.

Uliniambia, na maneno yako ninayo kichwani: "Mlete mtoto Muheza nimlee mimi. Mwanaume gani anashinda na mtoto mgongoni? Wewe rudi kwenye gari lako, mkeo afanye yake, mtoto akae kwa bibi yake." Sikukujibu. Leo jibu ninalo, lakini nisikilize kwanza, maana kuna mambo nilikuficha.

Kazi ya udereva imekwisha, mama. Siko likizo kama nilivyokwambia. Shirika lilikuwa linahudumia wakimbizi kambini, wakimbizi wanarudi kwao, magari yakaegeshwa, nasi madereva tukapewa barua na kushikwa mikono. Wiki mbili niliamka alfajiri nikavaa viatu, kisha nikakaa kitandani na viatu vyangu. Wiki ya tatu nikanunua cherehani kwa fundi mmoja Mrundi aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao. Aliifuta vumbi kwa kofia yake kabla ya kunikabidhi, akaniambia niwe naitia mafuta kila Jumamosi. Nikakodi kibaraza karibu na soko. Mwanao ni fundi cherehani sasa.

Cheka tu, una haki. Yale uliyonifundisha nikiwa darasa la nne, nikayaonea aibu mbele ya wenzangu hadi nikakimbilia usukani, ndiyo yananilisha leo. Kupinda naweza, kutia zipu naweza, kukata kola naweza. Marinda ya sketi za shule ndiyo bado yananishinda. Nikipiga sita, la tano lazima liwe nene kuliko wenzake. Mara ngapi nimetamani uwe umekaa pale kwenye kigoda unipige kofi la mkono na kusema fumua.

Mke wangu Rehema naye amepata kazi ya uuguzi kwenye zahanati moja Rungwe Mpya, upande wa Kasulu. Ni kazi aliyoihangaikia miaka, nisingeweza kumwambia aiache. Chumba alichopewa wanalala wauguzi wawili, hakuna pa kuweka mtoto. Mama yake alikuja akatulelea miezi miwili ya mwanzo, akarudi Muyama kwenye kahawa yake na mgonjwa wake, baba mkwe. Kwa hiyo Rehema anakuja Jumamosi moja, nyingine anakosa, na siku zilizobaki tupo mimi na somo yako. Namfunga mgongoni kwa ile khanga yako nyekundu uliyonipa iwe mbeleko, nafungua kibaraza, nashona. Akilala mashine inamsaidia kulala. Akiamka anavuta tepu iliyo shingoni mwangu hadi nakosa pumzi.

Nisikudanganye, mama, upweke upo. Watu wa huku ni wema lakini kwao lugha ya nyumbani ni Kiha. Kwangu wanaleta Kiswahili cha kupimwa nguo. Wakishapimwa wanageukiana, wanacheka Kiha chao, nami nabaki nimeshika chaki. Nimejifunza kula ugali wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese, ingawa mawese yakidondokea kitambaa cha mteja umekwisha. Nazi nimeiota mara mbili. Redio naifungua mpira ukiwepo, nashangilia peke yangu, mtoto ananitazama kama anayetaka kunipeleka hospitali. Zile mbegu za machungwa za baba mdogo Saidi ulizonifungia kwenye karatasi nimezipanda kwenye makopo ya rangi, tatu zimeota. Nazitazama kila asubuhi muda mrefu kuliko mtu mwenye kazi zake.

Sasa nifike kwenye lile lililotokea.

Wiki tatu zilizopita Zuena alishikwa na homa ya meno. Nikafunga kibaraza toka Alhamisi. Alikuwa haniachi nimweke chini, na kila nikimbeba alinivuta nywele kama anang'oa karanga, hata nikachukua wembe nikanyoa kichwa chote. Jumamosi Rehema hakuja, kumbe amepangiwa zamu, na mtandao wa simu kule kwao ulikuwa umekatika, hakuweza kunipigia. Sikuwaza sana. Nilikuwa namkanda mtoto kwa kitambaa cha maji, basi.

Lakini fikiria majirani wameona nini. Fundi amefunga kazi siku nne. Fundi amenyoa kipara, na huku kichwa hunyolewa ukifiwa. Fundi anazunguka uani na mtoto mgongoni mchana kweupe, jambo ambalo mwanaume wa huku halifanyi mama wa mtoto akiwa hai. Na mke aliyetakiwa kuja Jumamosi hakuonekana. Wakajumlisha, wakapata jibu lao.

Jumapili walipotoka kanisani, wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Esta, jirani wa ng'ambo ya njia. Alivuka toka Burundi akiwa msichana, sasa ni raia, ana shamba la maharage na wajukuu wasiohesabika. Bibi Esta huwa hanipiti bila kupiga makofi ya salamu, "Mwakeye, mwakeye," anamuulizia mtoto, anamuulizia mke, anaulizia mpaka makopo yangu ya machungwa. Siku hiyo hakupiga makofi. Alitua mzigo wa kuni ukutani, akaketi chini, akanyoosha miguu. Nyuma yake wakaja kina mama na unga, maharage, masufuria. Wanaume wakaleta benchi lao wenyewe. Mmoja wa kina mama alifungua mbeleko mgongoni kwangu bila kuniomba, akamchukua mtoto.

Mimi nilidhani wamesikia mtoto anaumwa. Mama, nilifurahi hadi macho yakajaa maji. Mwaka wa tatu niko Kibondo na ua wangu haujawahi kuwa na watu zaidi ya wawili. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa wananipenda. Wao wakayaona yale machozi, wakatikisa vichwa, na mama mmoja akaanza kulia kabisa.

Ndipo mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akaniinamia, akaniuliza taratibu, "Baba Zuena, mwenzetu mtamzika hapa, au mtampeleka kwao Muyama?"

Nilielewa palepale. Na sehemu hii ndiyo Mwanaidi asiiruke. Nilielewa, na nikanyamaza. Ilitosha kusema Rehema ni mzima, yuko kazini, mmekosea. Lakini mtoto alikuwa anacheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, amezungukwa na mikono mingi. Moto ulikuwa umewashwa uani kwangu. Kulikuwa na sauti za watu. Nilijua nikifungua mdomo watainuka na masufuria yao waondoke. Nikajiambia, ngoja chai ichemke kwanza, wanywe, halafu nitasema. Nikainamisha kichwa changu cha kipara nikaacha watu wamlilie mke wangu aliye hai.

Chai haijachemka, nikasikia pikipiki njiani. Rehema alikuwa amemaliza zamu akatafuta usafiri wa kuja. Aliona watu toka kwenye kona. Aliona wanawake wameketi chini, moto, kuni, mimi nimenyoa, mgongo wangu hauna mtoto. Mama, hakungoja pikipiki isimame. Alianguka, akainuka, akaja anakimbia kiatu kimoja mguuni, anaita, "Mwanangu! Mwanangu yuko wapi?" Sauti ile sijawahi kuisikia kwake na sitaki kuisikia tena. Alifika katikati ya ua akigeuka huku na huku. Bibi Esta ndiye aliyemwahi, akamwekea mtoto kifuani, akawa anasema, "Huyu hapa, yu mzima, huyu hapa." Rehema akambana yule mtoto hadi akaanza kulia.

Watu wakabaki midomo wazi. Waliyemlilia amekuja na mkoba wake. Kisha mzee wa benchi akaanza kucheka, wakafuata wengine. Bibi Esta akasema aliyezushiwa kifo atazeeka hadi asahau jina lake, na kwamba kuni yeye harudi nazo, mgongo unamuuma, kwa hiyo maharage yapikwe. Yakapikwa, yakaliwa. Jua likielekea kushuka wakachukua benchi lao wakaondoka, na ua ukarudi kuwa ule wangu.

Rehema hakucheka na wenzake. Walipoondoka aliosha goti lake lililochubuka, akaniuliza, "Ulijua saa ngapi?" Nikamwambia ukweli wote, hata wa chai. Alifunga goti kwa kitambaa. Kisha akasema, "Uliwaacha wanililie kwa sababu ulitaka watu." Aliponyonyesha mtoto akalala, akaniambia tena, safari hii bila hasira: "Nilipoona ule moto nilijua ni yeye. Hamisi, usimpeleke Muheza. Kila Jumamosi nikifika kwenye ile kona nikajua hayumo ndani, nitaanguka vilevile."

Hilo ndilo jibu lako, mama. Simleti. Najua unavyompenda somo yako na najua utamlea vizuri kuliko mimi, mikono yako nimepita ndani yake. Lakini nikimtoa yeye hapa, Rehema hana pa kurudi, na mimi nitabaki na makopo matatu ya machungwa. Nikasirikie ukitaka. Hasira zako nimekuwa nikiziogopa toka Muheza mpaka huku, hazijawahi kuniua.

Ila nina ombi. Uje wewe. Mwanaidi anaweza kukaa na nyumba mwezi mmoja au miwili, na cherehani nyingine tutaazima. Utakaa kwenye kigoda barazani, mtoto atakuwa miguuni mwako, utanifumulia marinda yangu mbele za wateja nami sitaona haya.

Na sasa nikuungamie la mwisho. Toka siku ile Bibi Esta amerudia makofi yake, na kila asubuhi kwenye orodha ya maswali ameongeza moja: "Na mama yako wa mbali, anakuja lini?" Siku tano nilisema sijui. Siku ya sita nilichoka kusema sijui, nikamwambia unakuja machungwa ya kwenu yakishachumwa. Alifurahi akawaambia wenzake. Zile kuni zilizobaki siku ya msiba alizipanga upya ukutani kwangu, akazifunika kwa turubai, na amenikataza kuzigusa. Anasema ni za kukupikia wewe. Nimepika kwa mkaa wiki mbili sasa, kuni kavu zipo pale nazitazama.

Watu wale wale nimewadanganya mara mbili, mama. Mara ya kwanza kwa kunyamaza, mara ya pili kwa mdomo wangu. Ya kwanza mke wangu aliilipia kwa goti lake. Hii ya pili ni wewe tu unayeweza kuifanya iwe kweli.

Nisalimie dada Mwanaidi, na aache kumnunia mumewe, shemeji Bakari nimempata kwenye simu na hakusema neno baya juu yake. Nisalimie baba mdogo Saidi, mwambie mbegu zake zimeota kwenye udongo mwekundu kama wa huko. Mpe shangazi Mwajuma pole ya macho. Na fundi mwenzako Mama Hadija, aliyekuwa ananificha sindano nikiwa mdogo, mwambie sasa nami naficha zangu, kuna mtu ana meno manne.

Rehema anakuamkia. Somo yako ameshika kona ya karatasi hii, hiyo alama ya udenda hapo pembeni ni salamu zake.

Shikamoo tena, mama. Marahaba usiitume kwa simu wala kwa Mzee Athumani. Nataka uje unipe hapa mlangoni, Bibi Esta akisikia.

Mwanao,
Hamisi