Kwa Nini Nimezima Redio

Alhamisi. Mlima umejifunika tangu asubuhi na mguu unauma. Moyo wangu si mzuri, nisifiche.

Leo nimeitwa na kamati ya jengo kama mwizi wa kuku. Mimi! Jengo hili lilipokuwa ghala la kahawa nilibeba humu magunia mawili begani, wenzangu wakasimama kuangalia. Lilikuwa chumba kimoja. Mawe ya Mjerumani bado yapo nje, ila ndani wamekatakata kwa kuta nyembamba za jipsam wakaita apatimenti.

Kwetu Meru baba halali kwa mkwe wake. Lakini nina kidonda cha sukari mguuni, na daktari alisema kisiposafishwa kila siku mguu utakatwa. Kule kwangu juu ya Tengeru mvua ikinyesha gari halipandi. Basi mkwe wangu, kijana mwenye adabu, akanipangia apatimenti iliyopakana na yao. Akasema, "Baba, hii ni nyumba nyingine. Mlango wake, luku yake ya umeme." Nikakubali. Nikawatambia wazee wenzangu kwamba nina nyumba mjini.

Nyumba gani.

Jioni ya kwanza nikamsikia binti yangu upande wa pili anacheka, kile kicheko cha mke na mumewe. Mume akamwambia, "Taratibu, mzee atasikia." Wakanyamaza. Tangu hapo wakawa wananong'ona ndani ya nyumba yao wenyewe.

Baba hatakiwi kusikia hayo. Akisikia, hatakiwi kusema amesikia. Nikatafuta dawa, maana akili ninayo. Nikanunua redio kubwa kule Ngarenaro, kila jioni nikaifungulia mpaka vioo vikatetemeka. Juzi, habari zilipoisha kabla muziki haujaanza, nikamsikia anacheka tena. Nikafurahi peke yangu.

Sasa majirani wamechoka. Mwenyekiti wa kamati, mama wa Kichaga, akaniambia mbele ya watu wote, "Shikamoo baba. Hiyo redio unamfungulia nani, Mlima Meru?" Wakacheka. Mkwe wangu akainamisha kichwa. Mwenyekiti akasema nisipoizima nitafute pengine pa kukaa.

Ningesema nini? Nikasema masikio yamekufa, mimi ni kiziwi.

Mimi ninayesikia mbuzi akikohoa ng'ambo ya mto.

Binti yangu akanishika mkono, akanisemesha kwa kelele kana kwamba mimi ni mtoto, "Baba, mbona hukutuambia?" Nikatingisha kichwa tu. Watu wakanionea huruma, kitu ambacho sijawahi kuomba kwa mtu.

Jioni hii redio nimeizima. Upande wa pili wanaongea kwa sauti yao ya kawaida. Wameniamini.

Binti yangu analia. Anamwambia mume wake kwamba daktari alimwita pembeni leo asubuhi. Kidonda kimeingia kwenye mfupa, mguu hauponi, wanaukata Jumatatu. Anasema hajui ataanzaje kumwambia baba.

Kesho atakuja kuniambia, na itabidi apige kelele mpaka jengo zima lisikie.

Nami nitashtuka. Sijui kama nitaweza kushtuka vizuri.