Bawa la Kitambaa Malaba

Jumatatu, 3 Machi
Foleni ya malori imefika stejini tena. Chai, karatasi za forodha za saruji, za mchele. Halafu sanduku moja refu la kwenda Jinja: bawa la ndege. Miaka yote ya uwakala wa forodha hapa Malaba, ndege sijawahi kupitisha.

Jumanne, 4 Machi
Mwenye bawa ni mzee mmoja fundi. Nilimpigia simu kuuliza thamani, akanipa historia. Kiwanda kilichounda bawa hilo kilikuwa cha boti. Ndege zilipoanza, maseremala wale wale wakaziunda kwa mbao na waya. Wanawake walioshona matanga wakashona mabawa kwa mkono. Kitambaa kikapakwa dawa, kikakazika kama ngoma. Zikaja ndege za chuma, kiwanda kikafa. Mzee anaunda upya ndege moja ya kiwanda hicho, na bawa hili tu ndilo la kiwanda chenyewe. Sehemu nyingine zote ni mbao mpya. Chai yangu ilipoa nikisikiliza. Watu walipaa kwa kitambaa. Bado siamini.

Jumatano, 5 Machi
Nina hasira. Hapa mizigo hudungwa chuma kama gunia la maharagwe, kuona kilichofichwa. Nilimwomba mkaguzi tufungue sanduku kwanza. Akakubali. Tukitafuta nyundo, mpakuzi akapitisha chuma kwenye ufa wa sanduku, kikatoboa bawa. Mazoea tu.

"Si ni mzigo kama mingine, madam?"

Tundu la kutosha kidole. Nilipompigia mzee aliuliza kama mbao za ndani ya bawa zimevunjika. Sikujua. Zikiwa zimevunjika, ndege yake yote itakuwa mwigo. Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 7 Machi
Mzee amefika. Nilijiandaa kutukanwa. Akainama, akapapasa muda mrefu. Mbao nzima.

Kisha akanionyesha viraka ambavyo sikuwa nimeviona. Bawa lilitoboka mara nyingi enzi zake, na wale wanawake wakalishona kila mara. Mishono midogo, imenyooka. Nikapitisha kidole juu yake. Wamekufa zamani na kazi ya mikono yao bado imeshika.

Akakata kipande cha kitambaa, akanipa sindano.

"Shona wewe, mwanangu. Limetobokea kwako."

Jumamosi, 8 Machi
Bawa limevuka. Manyunyu kidogo asubuhi. Karatasi za saruji. Mshono wangu umepinda, mbaya kuliko yote. Utaruka pamoja na ya wale wanawake.