Mukono Yenye Kichwa Haijasahau

Mujukuu wangu Neema,

Huku Nyabiondo tuko, maharagi imekomaa, mama yako anakusalimia. Unauliza, juu ya mashini yenu yenye inatoa mawazo kichwani bila waya na kuipeleka mu mukono ya bandia, kama mukono yangu yenye ilikatwa ningali naisikia.

Nikiwa kijana, kisha kuikosa, mudogo wangu njo alianza kukama Bihogo, ngombe yangu. Akamuimbia wimbo yangu ya kukamia, na Bihogo akamuachia maziwa. Nilisimama na wivu, na vidole vyenye sina vikakama pamoja naye mupaka jasho ikanitoka. Kichwa ingali inatuma. Njia tu njo ilikatika.

Picha ya mugonjwa wenu nimeiona, anashika kikombe na ile mukono ya bandia, anacheka. Kikombe! Na hata ngombe ya kukama hana.

Babu yako