Mfuko wa Bata Kwenye Maandamano ya Baba

Mpendwa Bi Arlys,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumba cha kufulia nguo, maana ndicho chumba pekee hapa kwetu ambacho hakuna anayegonga mlango, na nakuomba unijibu kwenye gazeti la Jumapili hii kwa sababu Jumatano inayofuata ni siku ya mwisho ya kurudisha karatasi nitakayokueleza. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule Juni hii, na mimi ni mtu wa haya sana, haya ya kweli, siyo ya kujitia. Hata piza siwezi kuagiza kwa simu, humpa Mama simu nikakimbilia chooni. Majina yote nimeyabadilisha.

Baba ni rubani wa shirika kubwa la ndege hapa Minneapolis, mwaka wa ishirini sasa. Alikuwa kapteni, lakini mwaka juzi shirika liliamua kwamba safari za Duluth, Fargo na Rapid City ziendeshwe na shirika dogo kwa niaba yake, kwa kuwa marubani wa huko wanalipwa kidogo, na ndege za hilo shirika dogo zimepakwa rangi zile zile za shirika kubwa, mkia ule ule, kwa hiyo abiria hajui lolote mpaka asome herufi ndogo chini ya tiketi. Basi safari zilipopungua Baba akarudishwa kutoka kiti cha kushoto, ambacho ni cha kapteni, mpaka kiti cha kulia cha rubani msaidizi, na Mama ndiye aliyekaa mezani akafumua mstari wa nne wa dhahabu kwenye mikono ya koti lake, ikabaki mitatu. Baba alisimama pale akasema, "Fumua taratibu, mke wangu, tutaurudisha," kisha akatoka kwenda kukata majani aliyokuwa ameyakata jana yake.

Sasa wanasema shirika dogo litapewa hata ndege kubwa zaidi, na ndiyo maana marubani wanaandamana. Hawajagoma, kazini wanaenda kama kawaida, ila siku zao za mapumziko wanavaa sare kamili na kofia, kofia ambazo siku hizi hawazivai hata wakirusha, wanatembea wawili wawili mbele ya milango ya uwanja wa ndege, kimya, na mabango mikononi. Mabango hayo nimeyachora mimi kwenye gereji yetu. Mwandiko wangu ni mzuri, na kuchora hakuhitaji kuongea.

Bi Arlys, sasa nakwambia siri. Mimi pia narusha ndege. Baba na rafiki yake Kapteni Orrin, ambaye namwita Mjomba ingawa si ndugu yetu, wana ndege kuukuu ya injini moja kwenye uwanja mdogo huku kusini mwa mji, na Baba alinifundisha mwenyewe tangu nina miaka kumi na mitano, na siku niliporuka peke yangu mara ya kwanza akanikata shati mgongoni kwa mkasi, kama wanavyokatwa marubani wapya wote, akaandika tarehe kwenye kile kitambaa na kukitundika kwenye msumari gereji. Hiyo siyo siri. Tena kwenye redio ya ndege sina haya hata kidogo, kwa sababu maneno yamepangwa: unamwita unayemtaka, unajitaja, unasema uko wapi, unasema unataka nini, basi. Waongoza ndege walioko mnarani walidhani nina miaka thelathini.

Siri ni kwamba Aprili nilikwenda kuhojiwa na shirika dogo. Wana mpango na chuo cha urubani kule Dakota: wanachukua vijana kumi, wanawasomesha, na ukimaliza unaingia moja kwa moja kwenye ndege zao. Siku hizi mtu asiyetaka jeshi hana njia nyingine ya kufikia ndege anazorusha Baba, lazima apitie kwanza kwenye hizo ndogo. Niliwaambia wazazi nakwenda maktaba. Nilisema sentensi saba, nilizihesabu, na zote zilihusu kutua upepo ukivuma kutoka ubavuni, na rubani aliyekuwa akinihoji akacheka, siyo kwa dharau, akasema, "Haya, bata mpya huyo." Picha ya shirika lao ni bata anayeruka. Wakanipa mfuko wa kitambaa wa rangi ya machungwa wenye huyo bata mkubwa, nikauficha nyuma ya mashine ya kufulia. Wiki mbili zilizopita barua ikaja. Nimechaguliwa. Imebaki sahihi yangu.

Na wiki hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya maandamano makubwa, na familia ziliombwa zije kugawa vipeperushi, vile vinavyosema: "Soma herufi ndogo. Nani anaendesha ndege yako leo?" Nikasimama karibu na pipa la taka, mahali ambapo watu hawapiti, lakini bibi mmoja mwenye sweta ya pinki akanifuata huko huko, akanisukumia tiketi yake.

"Binti, hebu nisomee. Naendeshwa na nani?"

Nikasoma. Alikuwa anakwenda Duluth.

"Na shirika dogo, bibi."

"Kumbe! Kwa hiyo nisipande?"

"Panda tu, bibi, wanajua kurusha vizuri sana," nikasema, na nilipogeuka Mjomba Orrin alikuwa nyuma yangu na bango lake, macho yamemtoka. Hawaruhusiwi kusema wakiandamana, kwa hiyo aliniangalia tu hivyo hivyo mpaka akapita.

Hapo hapo Mama akafika na visheti vya limau kwa ajili ya marubani wote, trei tatu, akaziweka kwenye meza ya chama cha marubani, na Bi Arlys, alikuwa amezibeba kwenye ule mfuko. Aliuona nyuma ya mashine akadhani ni wa dukani. Marubani sitini wenye kofia, na katikati yao bata wa rangi ya machungwa. Mjomba Orrin alisahau kabisa habari ya kukaa kimya.

"Jamani, tuna jasusi! Shemeji, umehamia kwa mabata? Kwa-kwa-kwa!"

Mama akaangalia mfuko, akaniangalia mimi. "Si mfuko huu ulikuwa kule kwenye nguo?"

Na mimi, ambaye siwezi kuagiza piza, nikadanganya haraka na vizuri sana. Nikasema ni wa Kirsten, msichana wa jirani, alipewa bure kwenye maonyesho. Kirsten hutapika hata kwenye gari. Mjomba Orrin akamgeukia Baba, "Nilidhani ni huyu wako!" na Baba akacheka, "Huyu? Chiriku wangu huyu?" Ananiita Chiriku, ndege wa kelele, kwa kunitania, kwa sababu siongei. Kisha akasema, hakucheka tena, "Huyu ndiye naandamana kwa ajili yake. Siku yake ikifika nataka akute kiti."

Tangu hapo sili vizuri. Mjomba Orrin kila akija kwetu humwambia Kirsten kwa-kwa-kwa juu ya ua, Kirsten akiwa anakata majani ya kwao, na hajui kwa nini. Mfuko Mama aliufua, Baba akautundika gereji kwenye ule msumari wa kitambaa changu, akasema, "Uache hapo, mwenyewe atakuja kuuchukua akiwa tayari." Na kila jioni anakaa gereji, mlango wazi, anasema anapanga mabango, ingawa mabango yaliyopo ni kumi na mawili tu na yamepangwa. Nampitia mbali nisiuone huo mfuko.

Nikitia sahihi, nitakwenda kurusha zile zile ndege zilizomfumulia Baba mstari wake. Nisipotia, sijui nitarusha nini maishani, na hakuna kitu kingine ninachokiweza. Nimefikiria kukataa kimya kimya nichome barua, asijue kamwe. Nimefikiria pia kutia sahihi na kumwambia nikiwa tayari nipo Dakota. Tafadhali niambie ipi ina afadhali.

Wako kwa heshima,
Chiriku, Rosemount

*

Bi Arlys anajibu:

Chiriku, kwanza toka humo chumbani, watu wanataka soksi zao.

Hakuna iliyo na afadhali. Ya kwanza ni woga na ya pili ni woga uliopanda gari. Pole, nakuonea huruma kweli, barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Lakini umeniuliza, na mimi sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tuanze na Kirsten. Leo hii, ukishamaliza kusoma gazeti, vuka ua umwambie kwa nini mzee mzima anamlilia kama bata kila yeye akishika mashine ya kukatia majani. Mpelekee visheti vya limau. Kwenye sahani.

Sasa baba yako. Umechanganya mambo mawili, mwanangu. Baba yako hana ugomvi na vijana wanaokaa kwenye ndege hizo. Ugomvi wake ni na watu wa ofisini wanaohamisha kazi ile ile kwenda kwa watu wenye leseni ile ile, ili mradi walipwe pungufu, kisha wanapaka mkia rangi abiria asijue. Unaweza kuwa bata na ukaendelea kuchora mabango. Mabata nao wanahitaji mtu mwenye mwandiko mzuri. Lakini usijidanganye kwamba hiyo ni karatasi kama karatasi nyingine. Mama yako alifumua ule mstari kwa mkono wake. Jambo la namna hiyo unamwambia mtu usoni, humwachii alikute chini ya trei ya visheti mbele ya wenzake sitini.

Na hilo la kuchoma barua lifute kabisa. Ukiikataa nafasi hiyo kwa ajili ya mtu ambaye hujamuuliza, utakuwa umemfanya baba yako akunyang'anye kitu ambacho hakukigusa, na utamnunia miaka kumi bila yeye kujua kosa lake.

Karatasi usiitie sahihi leo, wala kesho. Mpe baba yako aisome. Mtu ambaye amepigania mkataba miaka miwili anajua wapi wanaficha herufi ndogo kuliko wakili yeyote wa hapa mjini, na hata vipeperushi ulivyogawa wewe mwenyewe vinasema usome herufi ndogo. Muulize unafungwa miaka mingapi, ukiugua katikati ya masomo inakuwaje, na kama marubani wa huko wana chama. Halafu Jumanne wapigie simu shirika dogo, wewe, siyo mama yako, uwaulize yale ambayo hayakuandikwa. Wakikuzungusha, usitie. Wakijibu vizuri na bado unataka, tia sahihi kwa mkono wako, hata kama baba yako atanuna. Atanuna siku chache. Majani ya kwenu yatakuwa mafupi sana.

Lakini sidhani kama atanuna, na hapa ndipo ninapokugombeza zaidi, kwa sababu umeniandikia kila kitu na wewe mwenyewe hukukiona. Kirsten anakaa ng'ambo ya ua. Kama baba yako aliamini mfuko ni wake, kumrushia kungemchukua nusu dakika. Badala yake ameutundika kwenye msumari wa shati lako. Hukusema ameutundika kwenye msumari mwingine, na gereji yenye mabango kumi na mawili haikosi misumari. Kisha anakaa pale kila jioni, mlango wazi, anapanga vilivyokwisha kupangwa.

Anajua, Chiriku. Alijua pale pale mezani, na alichosema kuhusu kiti alikuwa anakwambia wewe, siyo Orrin.

Nilimpigia simu mpwa wangu, yeye huongoza ndege mnarani, nikamuuliza ndege ndogo inapokaribia wanaiona saa ngapi. Akasema, "Shangazi, tunaiona mapema sana, kwa darubini tunaona mpaka rangi." Nikasema, basi kwa nini msiiambie itue? Akacheka. "Hatuwezi. Lazima rubani aite kwanza."

Basi leo jioni, mlango ukiwa wazi, simama pale kizingitini na ufanye kile kitu kimoja ambacho huoni haya kukifanya kwenye redio. Mwite. Jitaje. Sema uko wapi. Sema unataka nini.

"Baba, ni Chiriku. Niko mlangoni. Nimekuja kuchukua mfuko wangu."

Kisha nyamaza, usubiri jibu.