Mwache Mzazi Alale

Makumira, Arusha
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Prosper,

Marahaba, maana najua huko Mtwara umeshaniamkia. Hujambo? Kazi inaendaje, na joto hilo linakuachia usingizi? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Huku baridi imeshuka kutoka mlimani, Mama anakohoa kidogo, na mwanao Daniel ananyonya kweli kweli.

Sasa niseme kilichonikalisha kuandika, kwa kuwa kwenye simu ningepiga kelele tu.

Ile video uliyoturushia kwenye grupu la familia niliirudia nikitafuta kichekesho kiko wapi. Mume anajilaza kwenye kochi: muziki laini, watoto wanaambiwa nyamazeni, baba amechoka. Mke anajilaza: ngoma zinalia, mama mkwe anammwagia ndoo ya maji. Nawe ukaandika chini yake, "Dawa yao hiyo!" Dawa ya nini, Prosper?

Wala si hiyo tu. Tangazo la godoro kwenye runinga, baba kajinyoosha, mama kasimama pembeni na trei ya chai, anatabasamu. Kwani yeye analala wapi, kwenye trei? Huwa nazima.

Mkeo Hanna yumo kwenye grupu hilo, au umesahau? Hata mwezi hajamaliza tangu ajifungue. Unajua kwetu mzazi hashiki jembe; anakula mtori wa ndizi, ananyonyesha, analala. Asubuhi iliyofuata video yako aliamka kabla ya Mama, akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe. Tulimkuta amekaa chini migombani, damu imeanza kumtoka upya. Nilipomuuliza alifuata nini huko, akasema, "Wifi, sitaki mnione kama yule wa kwenye video."

Nililia kwa hasira. Zahanati wamempa dawa na kumwamuru apumzike.

Na wewe Krismasi ulilala hapa hadi saa tano. Mama alitunyamazisha wote, mpaka jogoo akafungiwa jikoni. Nani alikumwagia maji?

Ifute hiyo video, halafu uandike palepale ulipochekea kwamba umekosea. Wote tusome.

Mama anakusalimu, na baba mdogo Frederick pia. Mungu akulinde kazini, akurudishe salama kwa mwanao. Hanna hajakusalimu. Amelala, na mimi simwamshi.

Wako akupendaye hata nikiwa nimefura,
Dada Elinipa