Kikohozi cha Nyuma ya Zizi

Neema mwanangu,

Hujambo huko Voi kwenye jua? Hapa Kakamega mvua hubisha hodi kila alasiri, na baba yako mdogo ameigeuza kisingizio. Siku niliyofika nilimkuta akikohoa nyuma ya zizi, mkewe asisikie.

"Ni baridi tu, shemeji."

"Marehemu ndugu yako naye alisema ni vumbi tu. Vaa viatu twende hospitali."

Aliogopa kwamba madaktari wakijua watamwachisha dawa yake ya saratani, ile inayoamsha kinga ya mwili. Daktari alisema kinga hiyo imeanza kushambulia mapafu yake, na afadhali hatukuchelewa. Dawa imesimamishwa kwanza. Mapafu yakitulia wataamua kama ataendelea nayo. Akapewa vidonge vya kuituliza kinga hiyo.

Kikohozi kimepungua, lakini vidonge vimemletea njaa ya ajabu! Jana alimaliza ugali, akachungulia na sufuria. Leo mkewe alipika kuku, akamwekea mbele yake imondo, ile firigisi ambayo huku ni ya mwenye nyumba. Aliitazama sana, kisha akaitia kwenye sahani yangu.

"Kula haraka, shemeji, kabla sijaghairi."

Nilikula polepole kwa makusudi. Nilipofika nusu nikaacha, maana marehemu baba yako alizoea kunifichia nusu ya imondo yake chini ya ugali wangu. Basi nikamrudishia shemeji kipande kilichobaki. Hakubisha hata kidogo.

Mungu akulinde, mwanangu, nawe ushibe.

Mama